Kuipima Riwaya Ndefu ya Historia ya Wayahudi

Riwaya ndefu ya historia ya Wayahudi ina mzigo ambao riwaya nyingi za kihistoria hazina. Anayeandika habari za Roma au za Uingereza ana kiti cha enzi cha kukizungushia kisa: wafalme wakipokezana, sura nazo zinapokezana. Anayeandika habari za Wayahudi baada ya mwaka 70, Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu, hana mfalme, hana jeshi, hana mpaka wa nchi. Ana Baghdad, Córdoba, Fustat, Worms, Lwów na Aden, na watu wanaosali kwa Kiebrania lakini wanagombana sokoni kwa Kiarabu, Kiyidishi au Kihispania cha kale. Ubora wa riwaya ya aina hii huanza kuonekana katika swali moja: mwandishi ameishikilia historia hiyo yote kwa kitu gani?

Wengine wameishikilia kwa mahali au kwa ukoo, wakavuka nao karne nyingi. James Michener, katika The Source (1965), alibuni kilima cha Makor huko Galilaya, akawapeleka wanaakiolojia wakichimbe tabaka kwa tabaka. Kila kitu wanachokifukua kinafungua sura ya zama zake, tangu watu wa mapangoni hadi mwaka 1948. Marek Halter, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alifuata ukoo wa waandishi wa nyaraka tangu Yerusalemu inayoungua hadi Warsaw ya Vita Kuu ya Pili. Wengine wameshika maisha ya mtu mmoja. Lion Feuchtwanger alimpa Flavius Josephus, mwanahistoria wa karne ya kwanza, juzuu tatu; Olga Tokarczuk alimpa Jacob Frank, aliyejiita Masihi katika Poland ya karne ya 18, kurasa zaidi ya 900. Kundi la tatu hutosheka na mji mmoja, kama Israel Joshua Singer alivyofanya katika The Brothers Ashkenazi (1936), ambapo ndugu mapacha wanakua pamoja na viwanda vya nguo vya Łódź.

Kila njia ina ugonjwa wake. Riwaya ya karne nyingi huwaua wahusika wake kila baada ya kurasa 60 au 70, na msomaji anayezikwa pamoja nao mara kumi huacha kumpenda yeyote. Dawa yake ni kazi, yaani shughuli ya mikono inayomfanya mtu wa sura moja asifanane na wa sura nyingine. Sura ya Michener inayosimama imara kuliko zote ni ile ya zama za Mfalme Daudi, ambapo mhandisi mmoja anachimba njia ya chini kwa chini kuifikia chemchemi iliyo nje ya ukuta wa mji. Anawaweka watumwa ncha zote mbili, wachimbe mwamba wakielekeana gizani, na mvutano wote wa sura hiyo ni kama watakutana au watapishana. Jambo lenyewe si la kubuni tu. Yerusalemu kuna mfereji wa zama za Mfalme Hezekia, wenye urefu wa mita 533, uliochimbwa hivyo hivyo kutoka pande mbili, na maandishi ya kale yaliyogunduliwa humo mwaka 1880 yanaeleza siku wachimbaji walipozisikia sauti za wenzao. Katika sura hiyo hakuna anayehubiri. Katika sura kadhaa nyingine za kitabu hicho hicho watu wanakaa chini na kuelezana dini yao kana kwamba wanajiandaa kwa mtihani, na hapo Michener analipua kazi.

Riwaya ya mtu mmoja huugua kinyume chake: shujaa huwa mkubwa mno, na watu wake wanabaki kuwa kundi la kumshangilia au kumpiga mawe. Riwaya ya mji mmoja ndiyo yenye afya zaidi kwa kawaida, ingawa nayo huweza kuzama katika hesabu za vitambaa. Kasoro hiyo inavumilika.

Kipimo kinachofuata ndicho kizito kuliko vyote. Mwaka 1928 mwanahistoria Salo Baron aliupinga mtindo wa kuiandika historia ya Wayahudi kama msururu wa machozi, maafa baada ya maafa, huku miaka ya katikati ikirukwa. Riwaya dhaifu za aina hii zinaishi kwa mtindo huo huo. Zinaruka kutoka moto wa mwaka 70 hadi mauaji ya miji ya Rhine mwaka 1096, kufukuzwa Uhispania mwaka 1492, mapanga ya jeshi la Khmelnytsky mwaka 1648, ghasia za Kishinev mwaka 1903, kisha Auschwitz. Ni rahisi kuzigundua. Msomaji atafute sura ambayo hakuna anayeuawa wala kufukuzwa, aone kama mwandishi ana la kusema. Kama sura hiyo haipo, au ipo lakini ni harusi tu iliyowekwa ili ivunjwe na wauaji kabla ya kurasa kumi kwisha, kitabu kinategemea damu ya wengine kumliza msomaji.

Habari za siku za kawaida hazikosekani. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Kairo ya kale, palikuwa na chumba cha kuwekea maandishi yaliyochakaa, kwa kuwa karatasi yenye jina la Mungu haikutupwa ovyo. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanazuoni Solomon Schechter alivipeleka Cambridge vipande vinavyokaribia 200,000. Humo mna barua za biashara, mikataba ya ndoa, talaka, orodha za bidhaa na manung'uniko ya washirika waliodhulumiana. Mmoja wa watu wanaofahamika kupitia barua hizo ni Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara wa karne ya 12 aliyetoka Afrika Kaskazini, akaishi miaka mingi pwani ya Malabar na kuendesha karakana ya shaba, huku wenzake wa Aden wakimletea karatasi na zabibu kavu. Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa dunia hiyo: pepo za kusi na kaskazi, mzigo uliochelewa bandarini, ndugu aliye ng'ambo asiyejibu barua. Mwandishi aliyezisoma barua za Fustat huandika Wayahudi wenye madeni, wivu na mizigo ya pilipili. Asiyezisoma huandika wazee wenye ndevu wanaougua kwa huzuni.

Mfano bora wa riwaya inayosimama juu ya siku za kawaida ni ile ya A. B. Yehoshua ya mwaka 1997 kuhusu safari ya mwaka 999. Ben Attar, mfanyabiashara Myahudi wa Tangier, anapanda merikebu pamoja na wake zake wawili, mshirika wake Mwislamu Abu Lutfi na rabi kutoka Seville, wakaelekea Paris. Mpwa wake, ambaye ni mshirika wa tatu wa biashara, ameoa mjane wa huko kaskazini, na mke huyo hataki kabisa kuhusiana na mtu mwenye wake wawili. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Wayahudi wa nchi za Waislamu waliiona ndoa ya wake wawili kuwa halali. Wale wa bonde la Rhine walikuwa wakielekea kuipiga marufuku, na marufuku hiyo inahusishwa na Rabi Gershom wa Mainz, aliyeishi karibu na mwaka 1000. Kesi ya ugomvi huo inasikilizwa mara mbili. Ni Wayahudi kwa Wayahudi, kila upande na Torati yake mkononi, na jambo linalogombewa lina uzito kwa kila msomaji aliyewahi kuona ukoo ukigawanyika kwa ajili ya ndoa.

Riwaya hiyo inaonyesha jambo jingine la kutazamwa: je, Wayahudi wa kitabuni wanapingana wao kwa wao? Historia yao imejaa mabishano, Wafarisayo na Masadukayo, Wakaraimu na wafuasi wa marabi, Wahasidi na wapinzani wao. Kitabu kinachowafanya wote wawe na moyo mmoja, na adui mmoja nje ya lango, kimekata nusu ya ukweli. Tokarczuk hakukata. Katika mjadala wa Lwów wa mwaka 1759 wafuasi wa Frank waliwashtaki Wayahudi wenzao kwa uzushi ule wa kale, kwamba wanahitaji damu ya Wakristo. Naye analisimulia hilo bila kuwapaka wafuasi hao mafuta. Majirani nao wapimwe vivyo hivyo. Mkristo au Mwislamu anayeingia ukurasani ama kuua ama kuokoa, bila shughuli nyingine duniani, ni mwanasesere. Abu Lutfi ana faida yake ya kuhesabu. Kasisi Chmielowski wa Tokarczuk, mtu aliyeishi kweli na kuandika ensaiklopidia, anamwendea mzee wa Kiyahudi wa Rohatyn kwa sababu ana njaa ya vitabu.

Linalofuata ni namna mwandishi anavyoishughulikia kesho. Msomaji anajua yatakayotokea Warsaw. Mhusika wa mwaka 1935 hajui. Mwandishi hafifu hawezi kuizuia siri hiyo. Bibi anaota moto, mjomba anasema Ulaya inanuka kifo, mtoto anauliza kwa nini wasihame. Mwandishi hodari huwaacha watu wanunue kabati jipya. Ushahidi wa kihistoria uko upande wake: mwaka 1492 amri ya kufukuzwa Uhispania ilitolewa tarehe 31 Machi, na muda ukawa hadi mwisho wa Julai. Andrés Bernáldez, kasisi aliyeandika tarikhi ya siku hizo, anaeleza kuwa nyumba iliuzwa kwa punda na shamba la mizabibu kwa kipande cha kitambaa. Watu waliouza hivyo walikuwa wameishi wakiamini watakufa katika nyumba hizo. Vasily Grossman, ambaye mama yake aliuawa Berdychiv mwezi Septemba 1941, aliweka katika Life and Fate barua ya mama mmoja aliyefungiwa katika gheto. Barua hiyo inaumiza kwa sababu imejaa mambo ya siku: nani amechukua chumba chake, jirani gani alimsalimu, mgonjwa gani amekuja kutibiwa macho. Muswada wa riwaya hiyo ulitaifishwa na polisi wa siri wa Kisovieti mwaka 1961, na Grossman akafa mwaka 1964 bila kuuona umechapishwa.

Baada ya hayo makubwa huja vitu vidogo, na hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao msomaji wa London hana. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua, kama usiku wa kuamkia Ijumaa unavyohesabiwa kuwa wa Ijumaa pwani. Sabato basi inaingia Ijumaa jioni na kutoka Jumamosi jioni. Saa za kale za Wayahudi na Warumi zilihesabiwa tangu macheo, saa sita ikiwa adhuhuri. Mwandishi anayempeleka askari wa Kirumi lindo saa tisa kwa hesabu ya Kizungu amejifichua. Mwezi wa Kiyahudi huandama kwa hilali, na Pasaka huingia usiku wa mwezi kumi na tano Nisani. Usiku huo ni wa mbalamwezi. Riwaya inayomtorosha kijana wake usiku wa karamu ya Pasaka katika giza totoro, bila hata wingu la kulisingizia, imeandikwa na mtu asiyeijua kalenda anayoisimulia, na anayekosea mwezi wa Pasaka amekosea mengine mengi yasiyoonekana kwa macho.

Mitego mingine inajulikana. Nyota ya pembe sita haikuwa alama ya Wayahudi wote kabla ya karne ya 19; Myahudi wa zama za Warumi alichora kinara cha taa saba, kile kile kinachoonekana kikibebwa na askari katika tao la Titus huko Roma. Majina ya ukoo yenye sauti ya Kijerumani yalienea baada ya amri za serikali, kuanzia ile ya Kaisari Joseph II mwaka 1787, kwa hiyo fundi viatu wa kijijini mwaka 1500 angeitwa fulani mwana wa fulani. Viazi mviringo havikuwapo katika Ulaya ya enzi za kati. Kosa moja la namna hii ni bahati mbaya. Matatu katika sura moja ni tabia.

Si kila tofauti na historia, hata hivyo, ni kosa. André Schwarz-Bart anaanza The Last of the Just (1959) kwa mauaji ya Wayahudi wa York, akiyaweka Machi 1185; mauaji yenyewe yalitokea Machi 1190, katika ngome iliyokuwa mahali ambapo leo pana Clifford's Tower. Vilevile anaichukua hadithi ya wenye haki 36 ambao kwa ajili yao ulimwengu haujaangamizwa, na kuifanya baraka ya kurithiwa katika ukoo mmoja, jambo lisilokuwamo katika mapokeo. Badiliko hili la pili ni halali, tena ndilo linaloibeba riwaya nzima, kwa sababu bila urithi huo hakuna ukoo wa kufuata hadi Maangamizi ya Wayahudi chini ya Manazi. Tarehe ya York haikumpa kitu. Leon Uris katika Exodus (1958) aliifanya merikebu ya jina hilo ibebe watoto kutoka Kupro na hatimaye iruhusiwe kwenda Palestina. Meli halisi ya mwaka 1947 ilikuwa na abiria zaidi ya 4,500, Waingereza wakaikamata, na abiria wakarudishwa hadi Ujerumani. Hapo badiliko limegeuza maana ya tukio, na wasomaji wengi wamebaki na toleo la Uris wakidhani ndiyo historia. Chuku inayotumikia kisa huvumiliwa. Chuku inayomfurahisha msomaji kwa kumficha aibu ya tukio inapunguza thamani ya kitabu, hata kama kurasa zinajisoma zenyewe.

Ugumu huongezeka pale ushahidi unapotoka kwa mtu mmoja. Karibu kila kinachosimuliwa kuhusu vita vya Wayahudi na Warumi vya mwaka 66 hadi 73 kimetoka kwa Josephus, kamanda wa Galilaya aliyejisalimisha kwa Warumi baada ya kuanguka kwa Yodfat mwaka 67. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba alijificha pangoni na wenzake 40, wakakubaliana wauane kwa kura, na kura ikamwacha yeye na mwenzake mmoja wa mwisho. Ni yeye pia anayetaja watu 960 waliojiua katika ngome ya Masada, wakabaki wanawake wawili na watoto watano. Mwandishi wa riwaya anayelinakili hilo kama taarifa ya polisi amelala. Feuchtwanger aliifanya shaka hiyo kuwa kitovu: Josephus wake ni mwerevu, ana tamaa ya makuu, anaujua uongo wake na anaupamba. Juzuu ya pili ilikuwa imekaribia kukamilika Manazi walipoipora nyumba ya mwandishi huko Berlin mwaka 1933. Akaiandika upya, ikatoka mwaka 1935. Riwaya yake nyingine, kuhusu Joseph Süß Oppenheimer aliyenyongwa Stuttgart mwaka 1738, ilimchukua mshauri wa fedha wa mtawala kama binadamu mwenye tamaa na majuto. Mwaka 1940 Manazi walitoa filamu kuhusu mtu huyo huyo, wakimfanya kuwa pepo mchafu. Kuvilinganisha viwili hivyo ni somo zuri la tofauti kati ya mhusika na kikaragosi.

Msomaji wa Afrika Mashariki naye huja na mzigo wake. Kabla ya riwaya yoyote ya namna hii, Myahudi wa vitabuni kwake ama ni wa Biblia au Kurani, ama ni Shylock wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969. Kati ya hao kuna pengo la miaka mingi ambalo riwaya nzuri hulijaza. Kuna pia mahali pamoja ambapo msomaji huyo ndiye hakimu. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza kuwapa Wazayuni ardhi ya kuhamia, na vitabu vingi huiita Uganda. Ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo, nchini Kenya. Mkutano wa Wazayuni wa Basel wa mwaka 1905 uliikataa. Riwaya inayowapeleka wajumbe wake kukagua fukwe za Ziwa Victoria, au inayosimulia ardhi hiyo kana kwamba haikuwa na wenyewe, itiwe alama nyekundu.

Urefu nao una haki yake ya kuhojiwa. Kurasa 900 zinastahili ikiwa muda unaopita katika kitabu unahisika mwilini: watoto wanazeeka, mji unabadilisha mitaa, deni la sura ya tatu linalipwa sura ya ishirini. Tokarczuk ameupata urefu huo kwa kuchanganya barua, kumbukumbu za mfuasi na masimulizi ya Yente, bibi asiyekufa wala kuishi, anayeona yote kutoka juu. Kurasa zenyewe zimehesabiwa kurudi nyuma, kama kitabu cha Kiebrania kinavyofunguliwa. Isaac Bashevis Singer, kwa upande mwingine, alihitaji kurasa zipatazo 300 tu katika The Slave (1962). Jacob wake, aliyeponea mauaji ya 1648 na kuuzwa utumwani milimani, hana kitabu hata kimoja, basi anachonga amri 613 za Torati juu ya mwamba, moja baada ya nyingine, kadiri anavyozikumbuka huku akichunga ng'ombe. Tukio hilo moja linabeba mzigo ambao wengine wameupakia kwenye juzuu mbili.

Kwa anayeanza, Isaac Bashevis Singer ndiye mlango mwepesi, kisha safari ya Ben Attar, inayofuatana vizuri na habari za Bahari ya Hindi. Feuchtwanger asomwe baada ya kupitia japo sura chache za Josephus mwenyewe. Tokarczuk anamfaa msomaji aliyekwisha zoea, mwenye daftari la majina pembeni, kwa kuwa wafuasi wa Frank walipobatizwa walipewa majina mapya na kitabu hakisimami kumkumbusha msomaji nani ni nani. Michener anaweza kusomwa sura moja moja, na hakuna dhambi kuanza na ile ya wachimbaji.